Choo Juu ya Mwamba: Funzo la Mabatini

Mvua inaponyesha Mwanza, maji hayakai mlimani. Hushuka kwa kasi kati ya miamba, hupita nyuma ya jiko la huyu na mbele ya mlango wa yule, huingia Mto Mirongo na kuishia Ziwa Victoria. Wakazi wa Mabatini, kata ya Wilaya ya Nyamagana, wanaijua safari hiyo. Wanajua pia kwamba maji hayo hayashuki peke yake.

Tatizo huanzia kwenye jiwe. Mwamba ukiwa karibu na uso wa ardhi, shimo la choo huwa fupi na hujaa upesi. Nyumba za mlimani zimebanana, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kuzifikia. Ndipo baadhi ya wenye nyumba husubiri mvua kubwa ya usiku ili watapishe vyoo. Uchafu humwondokea aliyeufungulia, ukamfikia jirani wa chini.

Gharama yake huonekana zahanati. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, Mwanza ikiwamo. Homa ya matumbo na kuhara damu hupita njia ileile: kutoka kwenye kinyesi hadi kwenye maji, mikono na chakula. Kichocho cha tumbo nacho hutegemea kinyesi kinachofika ziwani. Mayai huanguliwa majini, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mvuvi au mtoto anayeoga. Prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimkingi mgonjwa anayerudi katika maji yaleyale.

Kwa sababu hiyo, dawa kubwa ya mlimani huenda ikawa bomba. Mfumo mwepesi wa majitaka, uliojaribiwa mapema katika mji wa Natal, Brazil, miaka ya 1980, hutumia mabomba membamba yanayolazwa kina kifupi, yakipita kati ya nyumba na nyumba badala ya kufuata barabara kuu. Penye mwamba, bomba huweza kulazwa juu yake na kufunikwa kwa zege. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza imeupeleka mfumo huu katika makazi ya milimani, Mabatini yakiwamo, kwa fedha za Serikali, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Majitaka hushuka yenyewe hadi bomba kuu, kisha huelekezwa kwenye mabwawa ya Butuja kusafishwa. Mteremko uliokuwa ukieneza maradhi sasa unafanya kazi ya pampu.

Hata hivyo, mradi una mwisho wake, na choo hutumika kila siku. Bomba jembamba halisamehe uzembe. Nepi, taulo ya kike, tambara au mchanga ukitupwa chooni juu, majitaka hufurika katika ua wa chini. Maji ya mvua yakielekezwa humo, chemba hufumuka. Choo kikikosa maji ya kusukumia, uchafu hukauka njiani. Kwa hiyo majirani wa mteremko mmoja hawana budi kukubaliana mapema: nani atakagua chemba, nani atazibua, mchango utatunzwa na nani, na mpangaji atalipa nini na mwenye nyumba nini. Mahali ambapo maswali haya hayana majibu, bomba huziba na watu hurudia kusubiri mvua.

Wahudumu wa afya wana nafasi yao. Mgonjwa anayerudi mara kwa mara kwa kuhara aulizwe si tu alikula nini, bali pia choo cha nyumba yake kinaishia wapi. Jibu likionyesha hatari, ofisa afya wa kata na mwenyekiti wa mtaa waarifiwe.

Nyumbani, anayeharisha aanze mara moja kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS: pakiti moja katika lita moja ya maji safi na salama. Mtoto apewe pia zinki kwa maelekezo ya mhudumu, na anayenyonya aendelee kunyonya. Kuhara kwa majimaji mengi mfano wa maji ya mchele ni dharura: mgonjwa awahishwe kituoni huku akinyweshwa njiani.

Baada ya matibabu hayo, atarudi mlimani. Afya yake huko itategemea pia jirani wa juu na kile anachokitupa chooni.