David Burnet, Rais wa Muda wa Texas

David G. Burnet aliongoza serikali ya muda ya Jamhuri ya Texas kuanzia Machi hadi Oktoba 1836. Jamhuri hiyo, iliyojitenga na Meksiko, haikutimiza miaka 10; ilipofika mwisho wa 1845 ilikuwa imekwisha kuwa jimbo la Marekani.

Burnet alizaliwa Newark, New Jersey, mwaka 1788. Akiwa kijana alifuatana na Francisco de Miranda katika jaribio la kuikomboa Venezuela, ambalo lilishindwa. Baadaye alihamia Texas, akajishughulisha na ardhi na sheria hadi akawa jaji. Wajumbe waliokutana Washington-on-the-Brazos walitangaza uhuru Machi 2, 1836, na siku 4 baadaye ngome ya Alamo ikaangukia mikononi mwa Jenerali Santa Anna, rais wa Meksiko. Usiku wa kuamkia Machi 17, huku adui akisonga mbele, walimchagua Burnet ingawa hakuwa mjumbe wa mkutano huo. Katiba waliyoipitisha ilihalalisha utumwa, ambao Meksiko ilikuwa imetangaza kuufuta mwaka 1829. Wanaosimulia uhuru wa Texas mara nyingi hulipita jambo hili haraka, lakini halitenganishiki na chanzo cha uasi.

Serikali mpya ilianza kazi kwa kukimbia. Ilihamia Harrisburg, na Santa Anna akaacha sehemu kubwa ya jeshi lake nyuma ili awahi kuwakamata viongozi. Burnet aliponea chupuchupu: kikosi cha Kanali Juan Almonte kilifika ufukweni wakati mashua yake ikiondoka, na inaelezwa kuwa kanali alizuia risasi kwa sababu mke wa Burnet alikuwamo. Haraka hiyo ilimponza Santa Anna. Aprili 21, Sam Houston, kamanda wa jeshi la Texas, alimshambulia kule San Jacinto, vita vikaisha kwa dakika 18 hivi, na kesho yake rais huyo akawa mateka.

Hapo ndipo mtihani halisi wa Burnet ulipoanza. Wengi walitaka Santa Anna anyongwe. Yeye aliona mateka aliye hai ana faida zaidi, na kwa hakika alikuwa na hoja. Mei 14 yeye na Santa Anna walitia saini Mikataba ya Velasco: mmoja wa wazi, uliomaliza mapigano na kuyaondoa majeshi ya Meksiko, mwingine wa siri, uliotaka Santa Anna aachiliwe ili akaushawishi utawala wake uitambue Texas. Alipokwisha kupandishwa melini arudishwe Veracruz, askari wa kujitolea waliotoka Marekani wakamteremsha kwa nguvu, na rais wa muda hakuwa na la kuwafanya. Hazina ilikuwa tupu, askari hawajalipwa, na Mirabeau Lamar aliyemteua kuliongoza jeshi alikataliwa na jeshi lenyewe. Julai maofisa walipanga hata kumkamata Burnet, ingawa njama hiyo haikufanikiwa. Bunge la Meksiko nalo lilikataa kuitambua mikataba iliyosainiwa na mateka.

Septemba Houston, hasimu wake, alishinda uchaguzi kwa kura nyingi, na Oktoba 22 Burnet akajiuzulu. Alirudi madarakani kama makamu wa rais chini ya Rais Lamar, akagombea urais mwaka 1841, na Houston akambwaga. Mwaka 1866 Texas ilimchagua kuwa seneta, lakini Seneti ya Marekani haikumpokea, kwa kuwa jimbo lilikuwa bado halijarejeshwa katika Muungano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alifariki Galveston mwaka 1870.