Bloku halisi ya Landrover: soma namba kabla ya kuiuza kwa kilo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

SI jambo geni katika gereji za Dodoma kuikuta Landrover 109 ikinguruma kwa injini ya Kijapani. Spea zake hupatikana kwa urahisi, na mwenye gari hawezi kulaumiwa. Tatizo ni ile bloku ya Kiingereza iliyong'olewa: hutupwa nyuma ya gereji hadi apite mnunuzi wa chuma chakavu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Magari ya Series III, yaliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, sasa yanatafutwa na wapenzi wa magari ya kale. Tamasha la Landrover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilidhihirisha kuwa wapenzi hao wamo hata nchini. Swali lao la kwanza ni moja: je, injini hii ndiyo iliyotoka na gari kiwandani?

Jibu huanzia kwenye bloku yenyewe. Katika injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 2,286, namba imegongwa sehemu ya mbele, karibu na manifoldi ya moshi. Futa grisi kwa petroli na brashi laini; usitumie tupa. Namba inayoanza na 906, kwa mfano, ni ya dizeli ya Series III.

Kadi ya gari inayotolewa na TRA huonyesha namba ya chesisi na ya injini. Namba hizo mbili hazifanani, wala hazipaswi kufanana. Aidha, kadi si ushahidi wa mwisho, kwani injini iliyobadilishwa na kuandikishwa kihalali nayo huingia humo. Uthibitisho mzito zaidi ni cheti kinachotolewa na jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, kutokana na kumbukumbu za kiwanda.

Wamarekani wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Bloku za Chevrolet za miaka ya 1960 zina tarehe ya kumiminwa, ambapo herufi A ni Januari na L ni Desemba. Bloku iliyomiminwa baada ya gari kuundwa haiwezi kuwa yake, hata muuzaji akiapa. Ndiyo maana wapo wanaosaga namba na kugonga nyingine. Mnunuzi makini hutazama kama uso wa chuma umeng'arishwa mno au tarakimu zimepinda.

Baada ya namba ndipo hali ya bloku hukaguliwa: nyufa, na ni mara ngapi silinda zimechongwa. Kwa Dodoma liongezwe jambo la tatu, nalo ni chumvi ya maji ya visima, ambayo huganda katika njia za kupoozea na kuichemsha injini. Mkaguzi asiridhike na rangi mpya ya nje.

Kwa hiyo bloku moja ina bei tatu: ya chuma chakavu, ya fundi anayehitaji spea, na ya mwenye gari lililozaliwa nayo. Bei ya tatu ndiyo kubwa, lakini mnunuzi wake ni mmoja tu duniani. Anayefunga injini nyingine basi aipake mafuta ile ya zamani, hata ikiwa na ufa, aifunike, na siku ya kuuza gari aikabidhi pamoja nalo.