Historia ya Burundi imo vilimani

Mwaka 2023 Burundi ilitangaza sheria iliyopanga upya mipaka ya utawala: mikoa 18 ikapunguzwa kuwa 5, na tarafa 119 zikawa 42. Karusi, Mwaro na Cankuzo si mikoa tena. Mistari ya namna hiyo imechorwa na kufutwa tangu enzi za Wajerumani na Wabelgiji, lakini kilima kimebaki pale pale. Mashambani Mrundi hakuzoea kuishi kwenye vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila rugo, yaani makazi ya familia, limejitenga katikati ya migomba yake. Kinachowafanya watu wa marugo hayo kuwa wamoja ni kilima chao, pamoja na bonde wanalolima wakati wa kiangazi na bashingantahe, wazee wanaowaamulia kesi zao. Kwa hiyo urithi wa nchi hii unapaswa kuandikwa kilima kwa kilima, na kazi hiyo haijafanyika inavyostahili.

Tazama Gishora, kilomita chache kutoka Gitega. Masimulizi yanasema Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo alikitukuza kilima hicho baada ya kumshinda chifu mwasi Ntibirangwa. Hapo zimetunzwa ngoma takatifu Ruciteme na Murimirwa, na koo za watimbo, yaani wapiga ngoma, zimerithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Ngoma yenyewe huchongwa kwa gogo la mti ambao Warundi wanauita umuvugangoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, ila watimbo hawakuacha kupiga, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Kuna anayeuliza kilima kina haja gani tena, ikiwa ngoma za Burundi zinasikika Bujumbura kwenye sherehe na hata Ulaya jukwaani. Jukwaani watu wanaiona ngoma ikipigwa, lakini hawaelezwi ilipigwa kwa amri ya nani, wala kwa nini ukoo huu na si ule. Majibu hayo yako kwa wazee wa Gishora. Na Gishora ina bahati, maana wageni huifikia. Vilima vingine vina ibigabiro, miti mikongwe inayoonyesha mahali palipokuwa na makazi ya mwami, na mti wa namna hiyo ukikatwa ili kuchoma makaa, ushahidi wote umekwenda.

Pingamizi zito zaidi ni la majeraha. Wapo wanaohofu kwamba kuchimba historia ya kilima ni kuamsha kumbukumbu za mauaji ya 1972 na 1993, jirani aanze kumtazama jirani kwa jicho baya. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu waliouawa walikuwa na ndugu ambao wangali hai. Lakini kumbukumbu hizo hazijalala hata kidogo. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 huko Karusi, karibu na mto Ruvubu. Kisichoandikwa hunong'onwa, na mnong'ono hauna wa kuusahihisha. Afadhali simulizi za pande zote ziwekwe pamoja mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzibishia.

Kuandika simulizi eneo kwa eneo kulishafanyika Ayalandi. Huko mashambani kumegawanywa katika maeneo madogo zaidi ya 60,000, mengine yakiwa mashamba machache tu. Kuanzia mwaka 1824 Waingereza waliyapima yote, wakitaka kukadiria kodi. Hata hivyo, msomi John O'Donovan na wenzake walitumia kazi hiyo kukusanya majina na masimulizi ya wenyeji, na leo Waayalandi wanatafutia ukoo wao katika kumbukumbu hizo. Burundi ina sababu ya haraka kuliko kutafuta ukoo: ardhi. Wakimbizi wa 1972 waliporudi kutoka Tanzania walikuta mashamba yao yakilimwa na wengine, na mara nyingi ushahidi uliokuwepo ni mzee anayekumbuka nani alipanda ua wa miyenzi mpakani, na upande gani. Kazi ya kuandika inaweza kuanzia shuleni: shule ya kilima ina walimu, madaftari na wanafunzi ambao babu zao wako hapo hapo. Wanafunzi waanze na huo ua: umepandwa na nani, mwaka gani, na shamba lilikuwa la nani kabla yake.