Taa ya Injini, Kode P0303 na Neno Lililotugharimu Bobini

Kwa miezi minne taa ya injini katika gari la baba iliwaka na kuzimika ipendavyo. Gari ni Toyota Corolla ya mwaka 2003, usukani kushoto, na hubeba abiria kati ya Likasi na Lubumbashi, kilomita 120 hivi kila upande. Minervali yangu hutoka humo, kwa hiyo niliitazama ile taa kwa makini kuliko abiria yeyote. Ilikuwa inawaka siku mbili, inazimika wiki nzima, kisha inarudi, mara nyingi tukiwa tumejaza watu na mizigo na tunapanda kilima. Katika muda huo tulibadilisha bobini moja, bujii zote nne na sensa ya oksijeni. Kila mara taa ilizimika, na kila mara fundi alilipwa. Fundi wa tatu alishauri tubadilishe kompyuta ya injini, kwa bei iliyozidi minervali ya mwaka mzima. Baba alikataa. Nami nikaanza kusoma.

Nilichokikuta kinatuhusu sisi watu wa lugha kuliko nilivyotarajia.

Taa hiyo haisemi kwamba kifaa fulani kimekufa. Inasema kwamba kompyuta imeona kipimo kilichotoka nje ya mipaka yake na imeandika kode. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari mapya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Ndiyo maana chini ya usukani kuna tundu la pini 16 ambalo chombo kidogo cha kusomea huingia na kutuma habari kwenye simu. (Mwenye gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, lililotufikia kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa, asishangae chombo hicho kikikaa kimya. Tundu linaweza kuwa lilelile na lugha ikawa nyingine.)

Kode yetu ilikuwa P0303. Kode hizi zina mofolojia yake. P ni injini na gia. 0 inaonyesha kwamba kode ni ya watengenezaji wote, si ya kampuni moja. 3 ni kundi la makosa ya mwako. 03 ya mwisho ni silinda ya tatu. Kwa hiyo: silinda ya tatu inaruka, yaani zamu yake inafika na mafuta hayawaki inavyopaswa. Basi. Kwa nini inaruka, kode haikusema.

Lakini simu za mafundi wetu husoma Kifaransa, na maelezo yaliyotokea yalikuwa « raté d'allumage, cylindre 3 ». Allumage, katika gereji yoyote ya Likasi, ni mfumo wa cheche: bobini, bujii na nyaya zake. Fundi wa kwanza alisoma neno hilo akaenda moja kwa moja kwenye bobini. Wa pili akaenda kwenye bujii. Siwalaumu sana. Wapo wanaoandika « raté de combustion », kosa la mwako, na neno hilo linaacha mlango wazi, kwani silinda inaweza kuruka kwa kukosa cheche, kwa kukosa petroli au kwa kukosa mgandamizo. Istilahi ya kwanza imeshachagua mshitakiwa kabla kesi haijasikilizwa. Tumezoea kujadili makosa ya tafsiri katika riwaya na katika sheria. Hili letu lilikuwa na risiti.

Bado kuna swali: ikiwa bobini haikuwa na kosa, mbona taa ilizimika tulipoibadilisha? Hapa ndipo taa inayowaka na kuzimika inapomdanganya hata fundi mwaminifu. Makosa mengi ya aina hii sharti yaonekane katika safari mbili zinazofuatana ndipo taa iwake. Safari hapa maana yake ni kuwasha injini, kuendesha hadi kompyuta ikamilishe ukaguzi wake, na kuzima. Tena taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu zinazofuatana bila kosa kurudi. Kode hubaki kwenye kumbukumbu hadi injini ipate moto na kupoa mara 40 hivi, kisha hufutika nayo. Sasa fikiria kosa linalotokea tu gari likiwa limejaa na linapanda. Fundi anabadilisha kitu chochote kile, hata kioo cha mlango. Anafuta kode, baba anazunguka Panda na Shituru siku mbili na abiria wawili, taa haiwaki, na fundi anaonekana amepona mgonjwa wa watu. Wiki ya pili tunapakia kwenda Lubumbashi na taa inarudi. Sisi tulisema bobini mpya ni mbovu, ya bandia.

Tena mafundi wote watatu walianza kwa kufuta kode. Kumbe wakati kompyuta inaandika kode, huhifadhi pia picha ya hali ilivyokuwa dakika ile: joto la maji, mwendo, mizunguko ya injini, mzigo, marekebisho ya petroli. Kufuta kode ni kufuta muktadha. Ni kama mtafiti anayerudi kutoka uwandani na sentensi moja, bila kujua ilisemwa na nani, wapi, kwa nani.

Fundi wa nne yuko Kikula, chini ya mwembe, hana bango. Nilimweleza yote. Akasema: « Kode inasemaka fasi inauma. Magonjwa, weye njo utatafuta. » Hakugusa kitu. Alimwambia baba aendelee na kazi na daftari mkononi, aandike kila taa inapowaka: saa, mahali, mzigo, injini baridi au moto. Akaonya jambo moja: taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, aondoe mguu kwenye mafuta na asimame, kwa sababu petroli isiyowaka inaingia katika chombo cha kusafisha moshi na kukiunguza.

Taa iliporudi, picha ilikuwepo. Maji nyuzi 92, mwendo kilomita 41 kwa saa, mizunguko 2,800 kwa dakika, mzigo wa injini asilimia 81. Marekebisho ya petroli yalikuwa karibu na sifuri, hapo na hata gari likiwa limesimama linaunguruma. Yangekuwa juu sana gari likisimama na kushuka mizunguko ikipanda, tungetafuta bomba lililopasuka linaloingiza hewa. Daftari la baba nalo lilikubaliana na picha: mistari saba, yote injini moto, yote kupanda, yote abiria wanne au zaidi.

Kilichofuata ndicho kilichonifurahisha. Fundi alihamisha bobini ya silinda ya tatu akaiweka ya kwanza, na ya kwanza akaiweka ya tatu, bila kugusa kingine chochote. Tukapakia magunia ya mahindi tukapanda kilima. Ikiwa bobini ndiyo mbovu, kosa litahama nayo na kode itakuwa P0301. Ilirudi P0303. Siku iliyofuata akahamisha bujii, peke yake. P0303. Nilimwambia: Yaya, hii tunafundishwa chuoni. Ndiyo jozi mlinganuo finyu: unachukua pata na bata, unabadilisha sauti moja tu, kila kingine kinabaki, na ukiona maana imebadilika unajua ni nani aliyeibadilisha. Wale waliobadilisha bobini na bujii kwa pamoja walikuwa wanalinganisha pata na kitabu. Alicheka, akasema yeye hakwenda chuo, ni kwamba hana pesa ya kununua vipuri vya kukisia.

Cheche ikawa imetoka kwenye kesi. Ikabaki petroli au mgandamizo, na mgandamizo haurudi wenyewe gari likishuka kilima. Injini ikiunguruma alishika nyaya za injekta akazitikisa moja moja. Kwenye ya tatu injini ilitetemeka. Kufuli ya fishi, yaani kile kichwa cha plastiki kinachoshika waya, ilikuwa imekatika kwa joto na uzee, na mtu fulani zamani aliwahi kukata waya na kuuunga mfupi. Raba inayoshikilia injini nayo ilikuwa imechoka. Kwa hiyo injini ikivuta kwa nguvu inalala upande, waya mfupi unakazika, fishi inaachia, silinda inakosa petroli. Kilima kikiisha injini inasimama wima, fishi inagusa tena, na ushahidi umepotea. Kompyuta ya gari letu haipokei jibu kutoka kwa injekta kama inavyopokea kutoka kwa bobini, ndiyo maana haikuweza kuitaja. Iliona silinda imeruka, ikasema hivyo.

Tulinunua fishi iliyotumika, waya ukaongezwa urefu, raba ikabadilishwa. Vyote pamoja havikufika bei ya ile bobini. Tulinakili kode na picha yake kwenye daftari ndipo tukafuta, kisha tukaenda Lubumbashi na kurudi tumejaza, safari nne, tukikagua kila jioni kama kuna kode inayosubiri safari yake ya pili. Hakuna. Leo ni wiki ya kumi na moja.

Bobini ya zamani fundi wa kwanza alitaka kuitupa. Baba aliiokota, na fundi wa Kikula ameijaribu: nzima kabisa. Iko kwenye buti, imefungwa kwa kitambaa, pamoja na lile daftari.