Kabla ya Kuvuta, Ijue Kusimama



Katika kariere zetu, kutoka Salamabila mpaka Wamaza, vijana wengi wako na ndoto moja. Wanachimba, wanapata dhahabu kidogo, wanaweka franga pamoja, kisha wanasema: "Sasa tununue kamioni ya zamani, tuitengeneze upya, na nyuma tuifungie remorki. Tutabeba mara mbili kwa safari moja." Ni ndoto nzuri. Kazi ya kubeba ni kazi ya heshima, na bila magari mchele na mawese ya Kasongo yanaozea nyumbani, tena saruji na dawa hazifiki Kabambare. Lakini kamioni ya namna hii inaweza kulisha jamaa tano, na inaweza vilevile kuwafanya mama kumi kuwa wajane kwa siku moja. Ndiyo sababu mwezi huu tunazungumza juu yake, na jambo kubwa ni hili: kamioni ya kuvuta itengenezwe kwanza ijue kusimama, halafu ijue kwenda.

Zamani mtu ndiye alikuwa kamioni

Tusisahau tumetoka wapi. Kasongo na Kabambare vilikuwa vituo vya njia ya misafara tangu wakati wa Tippu Tip. Pembe za tembo zilitoka huku kwenda Tanganyika na pwani juu ya vichwa vya watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Mwaka 1870 David Livingstone alikaa miezi mingi Kabambare kwa sababu ya vidonda vya miguu. Njia ile ilimshinda hata mtu asiyebeba mzigo. Mnamo 1911 reli ya Kindu mpaka Kongolo ilifunguliwa, lakini ilipita ng'ambo ya pili ya Lualaba. Kwa hiyo sisi wa upande huu tuliendelea kuvuka maji na kubeba. Hata leo mama anabeba kitunga mgongoni, na kijana anasukuma baiskeli, ile tunaita kinga, ikiwa na mabidoni ya mawese kila upande.

Kwa hiyo mtu anayetengeneza gari anapunguzia ndugu zake mzigo. Basi asiwarudishe watu katika hali ya kuwa mzigo, wakirundikwa juu ya mifuko kama mihogo.

Wengine walivuta namna gani?

Kule Marekani na Ulaya kuna jamaa wanaovuta nyumba ndogo yenye magurudumu nyuma ya gari, na ndani yake wanalala na kupika wakati wa safari. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kiwanda cha Airstream, aliongoza msafara wa nyumba kama hizo 41 kutoka Cape Town, na mwaka 1960 wakafika Cairo. Watu wengi wanaokwenda mbali hivyo hawatumii gari la kawaida. Wanachagua kamioni yenye fremu ngumu, gia za chini na freni kubwa, wanaitengeneza kwa kazi ile moja.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walitaka kupeleka mashua mbili za motere, Mimi na Toutou, mpaka ziwa Tanganyika. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilifika Fungurume, Katanga, kwa reli. Kutoka pale mpaka Sankisia, zaidi ya kilometa 200 za pori na milima ya Mitumba, zilivutwa juu ya magurudumu kwa mashini mbili za mvuke. Mlima ulipozidi nguvu ya mashini, ng'ombe wengi walifungwa kusaidia. Walijenga madaraja zaidi ya mia moja. Maji ya mashini yalipokosekana, wanakijiji waliyaleta vichwani. Ilikuwa kama majuma sita. Kisha reli mpaka Bukama, na mto wetu Lualaba mpaka Kabalo, na reli tena mpaka ziwani, ambako walifika mwezi wa kumi. Kazi ile ilikuwa ya vita, na hatuisifu kwa ajili hiyo. Lakini angalia: chombo kilichaguliwa kulingana na mzigo, na mwendo ulikuwa wa pole.

Biblia ilikwisha kufundisha hivyo. Soma Hesabu sura ya 7. Wakubwa wa Israeli walileta magari 6 na ng'ombe 12. Musa hakugawa sawasawa. Wana wa Gershoni, wabebaji wa mapazia, walipata magari 2 na ng'ombe 4. Wana wa Merari, wabebaji wa mbao na nguzo, walipata magari 4 na ng'ombe 8. Kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Yule fundi anayefunga remorki ya tani tano nyuma ya gari la tani tatu hajasoma sura ile.

Mambo sita ya kuangalia

1. Fremu. Hiyo ni mifupa ya gari, na wengine wanaita shasi. Wengi wanataka kuirefusha ili ibebe zaidi. Kuongeza urefu hakuongezi nguvu, kunapunguza. Kama ni lazima, sudere asikate na kuunga mahali pamoja tu. Aweke kipande kirefu cha chuma ndani kama bandeji ya mfupa uliovunjika, na miisho yake ikatwe kwa mshazari. Asitoboe ubavu wa juu wala wa chini wa fremu, maana nyufa zinaanzia hapo. Na kabla ya kuchomelea, aondoe nyaya za betri.

2. Motere na gia. Kijana anauliza kwanza: "Motere iko na nguvu gani?" Aulize pia gia ya kwanza iko chini namna gani, na magurudumu mangapi yanavuta. Katika matope ya mvua, gari linalovuta kwa magurudumu yote na kwenda polepole litapita mahali ambapo motere kubwa inachimba shimo tu.

3. Kiungo. Hapa ndipo gari na remorki vinashikana. Ndoano isiungwe kwenye ubao wa nyuma wala kwenye bodi. Ishikwe na fremu yenyewe kwa bulo ngumu. Chini ya timoni weka minyororo miwili iliyopishana kama msalaba. Timoni ikichomoka, minyororo itaipokea isichimbe njia na kupindua remorki.

4. Freni. Remorki nzito bila freni zake ni adui anayekufuata. Ukifunga freni mbele, yenyewe inaendelea kusukuma, mpaka vyote viwili vinakunjika kama kisu. Katika freni za hewa kuna mipira miwili inayokwenda nyuma: mmoja unapeleka hewa ya akiba, mwingine unapeleka amri ya mguu wa shofere. Zimetengenezwa kwa hekima: mpira wa akiba ukikatika, remorki inajifunga yenyewe. Lakini fundi mmoja akiziba mpira kwa sababu unavuja, hekima ile yote imekufa. Na ukumbuke hesabu hii: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ambayo freni zinapaswa kuiua inakuwa mara nne. Kilometa 40 kwa saa si mara mbili ya 20. Mbele ya freni ni mara nne.

5. Namna ya kupakia. Kwa remorki ya mhimili mmoja, uzito unaolalia ndoano uwe kama sehemu 10 mpaka 15 kwa mia ya uzito wa remorki yote. Ukipakia nyuma sana, remorki inacheza mkia na kuvuta kamioni kushoto na kulia. Vitu vizito viwe chini, karibu na mhimili. Mifuko ya mawe ya kasiterite inadanganya macho: ni midogo lakini mizito sana.

6. Kuteremka. Mlima uliopanda kwa gia ya pili, uuteremke kwa gia ya pili, na uichague ukiwa bado juu. Kuteremka bila gia ili kuokoa mazutu ni kuuza watu kwa bei ya bidoni moja. Freni zinashika moto, na kisha mguu wako unakanyaga bure.

Hesabu ya mfano

Tuseme kibao cha mtengenezaji kinasema kamioni isizidi tani 15, mzigo na gari pamoja. Umejenga bodi ya mbao ngumu na vyuma, na gari tupu lina kilo 6500. Kwa hiyo ubaki na kilo 8500. Unapakia mapipa 20 ya mazutu. Kila pipa la lita 200, pamoja na chuma chake, ni kama kilo 185. Hiyo ni 3700. Unaongeza mifuko 60 ya saruji ya kilo 50. Hiyo ni 3000. Jumla 6700. Imebaki 1800, na gari liko vizuri.

Lakini wakati wa kutoka, konvoyere anaita: "Pandeni, nafasi iko!" Wanapanda watu 30 na vifurushi vyao. Kila mtu na mzigo wake tuseme kilo 75. Hiyo ni 2250. Sasa umezidi kwa kilo 450, na kilo zilizozidi ni wanadamu walioketi juu ya mazutu, mahali pa juu kabisa, wanaovuta gari kupinduka kila linapoinama. Wanalipa, ndiyo. Franga zao ndizo faida ya haraka. Lakini mwana wa nani yuko pale juu? Ukitaka kubeba watu, jenga gari la watu lenye viti na pahali pa kushika. Usichanganye.

Usisahau pia kwamba njia yetu ina vipimo vyake. Daraja la magogo kwenye kijito, na chombo cha kuvusha kwenye Lualaba au Luama, havijui una haraka. Fungua remorki, vusha moja moja. Teremsha watu, wavuke kwa miguu. Safari kubwa ziwe wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati njia ni kavu.

Neno kwa vijana wenye kuweka franga pamoja

Bwana Yesu alisema habari ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu gharama, asije akaanza na kushindwa na watu wakamcheka. Iko Luka 14. Nanyi muketi. Andikeni: bei ya gari, bei ya fundi, mipira, mazutu, makaratasi, vizuizi vya njiani, na franga za kutengeneza kila mwezi. Wengi wanahesabu kununua tu. Baada ya miezi mitatu gari linalala chini ya mwembe, na majani yanaota kati ya magurudumu.

Andikeni pia ninyi kwa ninyi. Kama muko watano, kila mmoja ametoa ngapi? Mmoja akifa, sehemu yake inakwenda kwa nani? Tumeona magomvi mengi ambapo ndugu walichukua gari na mjane akabaki na watoto na ufunguo mkononi. Andiko lenye sahihi na mashahidi wawili si kukosa imani. Ni upendo uliowekwa kwenye karatasi. Bibi wa kila mmoja alijue andiko lile, asilisikie kwa mara ya kwanza siku ya kilio.

Tena shofere awe na ruhusa ya kukataa. Tajiri akisema "ongeza" na shofere akasema "hapana", msimfukuze. Yeye ndiye freni yenu ya kwanza.

Mwendo wa watoto

Katika Mwanzo 33, Esau alitaka Yakobo afuatane naye kwa mwendo wa askari 400. Yakobo akakataa kwa heshima. Alisema watoto ni wachanga na wanyama wananyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Akaomba aende polepole, kwa mwendo wa wale walio nyuma. Hapo ndipo ilipo siri yote ya kuvuta. Anayevuta hapimi mwendo kwa nguvu ya motere yake; anaupima kwa kile kilichofungwa nyuma yake.

Baba wa nyumba, hilo ni lako pia. Mke na watoto wamefungwa nyuma ya maamuzi yako. Ukiwa na nguvu ya kukimbilia kariere mpya kila mwezi, angalia kwanza kama kiungo kinashika na kama wale wa nyuma wanaweza kufuata.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika kikundi cha vijana

1. Soma Hesabu 7:1-9. Kwa nini wana wa Kohathi hawakupewa gari hata moja?
2. Ni mzigo gani katika jamaa yetu umezidi nguvu ya anayeuvuta? Tunaweza kuupunguza namna gani?
3. Ukiona kamioni imejaa kupita kiasi na una haraka ya kufika Kasongo, utapanda? Utamwambia nini mama aliye na mtoto mgongoni?

Bwana awalinde njiani, ninyi mnaovuta na ninyi mnaovutwa.