Matairi ya Pikapu Yanapoadimika: Soma Ubavu Kabla ya Kulipa

Matairi yanapoadimika madukani, mnunuzi hushawishika kuchukua lolote linaloingia kwenye rimu. Tunakushauri usilipe kabla ya kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi.

Chukua mfano wa tairi la pikapu lenye alama 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni muundo wa radiali. Na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 humaanisha kuwa tairi moja hubeba hadi kilo 1,120, na S kuwa mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 180 kwa saa.

Ukikosa aina uliyoizoea, waweza kununua ya kampuni nyingine, mradi vipimo vilingane, na uwezo wa mzigo na mwendo usipungue ule ulioelekezwa na mtengenezaji wa gari. Tairi lililozidiwa mzigo hupata joto kali na huweza kupasuka safarini.

Angalia pia umri. Msimbo unaoanza kwa DOT ukiishia na 3522, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Wakati wa uhaba, matairi yaliyokaa ghalani miaka mingi hutolewa na kuuzwa kuwa mapya, ilhali mpira huzeeka hata usipotumika.

Mwisho, dai risiti inayotaja vipimo hivyo. Ndiyo ushahidi wako utakapohitaji kulalamika.