Kufufua Land Rover Kuukuu Nyumbani

Kibaha yajulikana kwa Shirika la Nyumbu, lililounda malori hapa hapa nchini. Lakini hata uani kwa mtu, huko au Kisarawe, gari kuukuu laweza kufufuliwa, ikiwa mwenyewe ataanza mahali panapostahili.

Tutwae Land Rover. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, feleji ilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo bodi ilifanywa ya alumini, isiyoliwa na kutu kama chuma. Hapo ndipo wengi hudanganyika! Huiona bodi nzima, wakanunua rangi, na ada za watoto zikaishia humo. Kumbe chasi ni ya feleji, tena ina uwazi ndani. Matope hukaa humo yakaila kwa siri. Basi lala chini, uigonge kwa nyundo ndogo kila mahali. Penye uzima hulia kwa sauti kali. Palipoliwa hutoa sauti iliyofifia, na pengine nyundo hupenya. Hapo pakatwe, pachomelewe chuma kipya, gari likiwa juu ya magogo imara, maana jeki peke yake haiaminiki.

Kisha breki, kabla ya injini. Katika zile za miaka ya 1950 na 1960, magurudumu yote manne hutegemea njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba likipasuka, pedali hushuka hata sakafuni, ikabaki breki ya mkono. Fikirini hayo katika mteremko wa vilima vya Pugu, na jamaa wameketi nyuma! Mabomba na mipira yake vibadilishwe vyote, hata vikionekana vizuri.

Rangi na ingoje.